Diski za mitumba na amana za watu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lau wangaliishi katika zama zetu, huenda wangaliongeza kuwa daftari lenyewe siku hizi halina kurasa wala jalada. Ni kisanduku cha chuma kinachotoshea kiganjani, kimefichwa ndani ya kompyuta, na siku kinapoamua kunyamaza hakuna mja awezaye kukifunua akasoma japo mstari mmoja.

Nililiwaza jambo hili nilipokuwa nyumbani Kapsokwony, mji uliojiegemeza kwenye mteremko wa Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu aliyewafundisha wengi wetu kusoma na kuandika, aliniita kwake jioni. Nilimkuta sebuleni ameketi mbele ya kompyuta iliyovuliwa kifuniko, nyaya zikining'inia kama matumbo ya mbuzi aliyechinjwa. Uso wake haukuwa na furaha.

Kisa chake kilikuwa hiki. Kompyuta yake ilikuwa imejaa. Alikuwa amesafiri hadi Kitale akanunua diski ngumu iliyokwisha kutumika, ya terabaiti moja, kwa fedha ambazo zisingetosha kununua mpya. Akaihamishia mambo mawili: hesabu za chama cha kuweka na kukopa ambacho yeye ni katibu wake, na sauti za wazee wa Kisabaot alizokuwa akizinasa kwa miaka mingi, wakisimulia habari za koo zao, za mapango ya mlimani na za mashamba waliyohamishwa enzi za ukoloni. Karatasi alizokuwa ameandika kabla ya hapo zilipotea katika vurugu zilizoikumba wilaya ya Mlima Elgon kati ya mwaka 2006 na 2008. Wazee kadhaa kati ya wale aliowanasa wamekwisha kutuaga. Na ili kupata nafasi, Mwalimu alikuwa amefuta nakala zilizokuwa kwenye diski ya zamani.

Kwa kuwa ile ya kwanza ilifanya kazi, akarudi sokoni akanunua ya pili, ndogo, ya gigabaiti 320, iliyotolewa katika kompyuta ya mkononi. Siku alipoichomeka, kompyuta ilikataa kuwaka. Ilionyesha maandishi meupe kwenye kioo cheusi, basi. Kijana mmoja fundi akaitwa, akachomoa hiki na kuchomeka kile, na tangu hapo ile diski kubwa ikawa yaonekana leo, kesho haipo. Ushauri wa fundi ukawa mmoja tu: zote zifomatiwe, kazi ianze upya.

"Mwanangu," Mwalimu aliniambia, "fedha za watu naweza kuzihesabu tena kutoka kwenye vitabu vyao vya akiba. Lakini waliokufa nitawahoji vipi?"

Msomaji mpendwa, si nia yangu kumkebehi fundi yule, wala wale wanaouza bidhaa za mitumba. Bila mitumba, wengi wetu tusingelivaa, tusingeliendesha gari, na wala tusingeliijua kompyuta. Nia yangu ni kusema kwamba kifaa kilichotumika kina desturi zake, na anayekinunua hana budi kuzijua kabla ya kukikabidhi amana.

Kwanza tuielewe diski yenyewe. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitoka katika kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na kwa ukubwa wake wote ilihifadhi herufi milioni tano tu. Za leo zimepungua umbo, lakini mtindo ni ule ule: sahani zilizopakwa madini ya sumaku huzunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea vichwa vidogo vya kusoma na kuandika. Vichwa hivyo havigusi sahani. Hubebwa na utando wa hewa mwembamba kuliko unywele kwa mara nyingi mno. Kikigusa, hukwaruza, na palipokwaruzwa hapasomeki tena.

Hapo ndipo ilipozuka dhana niliyoisikia kwa majirani, kwamba hewa nyepesi ya mlimani ndiyo inayoziua diski. Si kweli. Watengenezaji wengi huandika kwamba diski zao za kawaida zafaa kutumika hadi mita 3,048 juu ya usawa wa bahari. Kapsokwony iko chini sana ya kimo hicho. Angalikuwa Mwalimu amepiga kambi juu ya kilele cha Koitoboss, kinachopita mita 4,200, hapo tungelikuwa na sababu ya kuilaumu hewa. Kilicho hatari zaidi ni kuitikisa diski ikiwa inazunguka. Ikiwa imezimwa, vichwa vyake huwa vimeegeshwa, nayo inaweza kuvumilia mitikisiko ya matatu kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa, mradi imefungwa vizuri.

Pili, tujifunze kuuliza swali moja kwa wakati mmoja. Kosa la mafundi wengi ni kubadilisha mambo manne kwa mpigo. Kifaa kikipona hawajui kilichokiponya, na kikifa hawajui kilichokiua. Sisi tulianza kwa kuzima umeme, kuchomoa waya ukutani na kuiondoa ile diski ndogo. Kompyuta ikawaka bila manung'uniko. Basi tukajua kwamba haikuwa imeharibika; ilikuwa imechanganyikiwa. Kila kompyuta ina programu ndogo ya kuiamsha, inayoitwa baiosi, na baiosi ina orodha ya diski za kuuliza, moja baada ya nyingine, ni ipi yenye mfumo wa kuendesha mashine. Diski ndogo ilikuja na mabaki ya mfumo wa mwenyewe wa zamani, na baiosi ikaitanguliza. Dawa yake si kufomati. Ni kuingia katika baiosi na kuipandisha diski ya asili ishike nafasi ya kwanza.

Kwa wale wenye kompyuta kongwe zinazotumia utepe mpana wa matundu 40, kuna jambo la ziada. Diski mbili kwenye utepe mmoja lazima ziambiwe ni ipi bwana na ni ipi mtumwa, kwa kuhamisha kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani, ambacho mafundi hukiita jampa. Zikiwa zote mabwana, hakuna atakayetii. Diski za mtindo wa SATA, zilizoanza kuenea tangu mwaka 2003, hazina ugomvi huo, maana kila moja ina waya wake.

Ikiwa baiosi yenyewe haiioni diski, usitafute ugonjwa katika Windows. Tazama waya wa data, tazama plagi ya umeme, jaribu tundu jingine. Ikiwa baiosi inaiona lakini Windows haiionyeshi, huenda diski ni nzima kabisa ila haijapewa herufi ya kuitambulisha, au imeumbwa kwa mpangilio ambao mfumo wako haujui kuusoma. Hapo Windows yaweza kukuuliza kama ungependa kuitayarisha diski upya. Ikiwa ndani mna kitu unachokihitaji, kataa. Jibu la "ndiyo" lililotolewa kwa haraka limewaliza wengi. Na ukinunua diski kubwa kuliko terabaiti mbili ukaitia katika kompyuta ya zamani, usishangae ikionyesha sehemu tu ya ukubwa wake. Mpangilio wa kale wa kugawa diski hauwezi kuhesabu kupita hapo.

Ugonjwa wa ile diski kubwa ulikuwa wa aina nyingine: kuonekana na kutoweka. Tulipochunguza, tuliona kwamba diski zote mbili zilikuwa zimelishwa umeme kutoka plagi moja iliyogawanywa kwa kiungio cha bei rahisi, kilicholegea. Diski ya inchi tatu na nusu huhitaji nguvu nyingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko inapokwisha kushika kasi. Umeme ukipungua wakati huo, mota hukata tamaa, ikaanza tena, ikakata tamaa tena, na mwenye diski husikia mlio akadhani vichwa vimevunjika. Waya wa data nao ulikuwa umekunjwa hadi ukapasuka karibu na kichwa chake. Tuliibadilisha plagi kwanza, tukangoja. Kisha tukabadilisha waya. Diski ikatulia.

Hapo Mwalimu alitaka kushangilia, nami nikamwomba asubiri. Diski iliyorudi kutoka safari ya namna hiyo haifai kupewa kazi kabla ya kunyang'anywa ilichobeba. Tulinakili sauti zote na hesabu zote kwenye kompyuta yangu ya mkononi, kisha kwenye kijiti cha kumbukumbu. Ndipo tukaanza kuipima. Yeyote anayekutana na diski inayosuasua na ashike utaratibu huu: nakili kwanza, tengeneza baadaye. Programu za kurekebisha makosa huiandikia diski, na diski inayokufa haipaswi kuandikiwa chochote. Kwa walio na Linux ipo programu iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, halafu ndipo irudi kuzibembeleza zile zilizokaidi. Na diski inayogonga ko, ko, ko hata baada ya kupewa umeme wa kutosha, izimwe mara moja. Kila dakika inayozunguka inazidi kujichana.

Katika kuipima, diski hujieleza yenyewe. Tangu miaka ya 1990, watengenezaji waliziwekea diski zao daftari la afya linaloitwa SMART. Programu zisizolipiwa kama CrystalDiskInfo na smartmontools hulisoma. Mna namba nyingi humo, lakini mnunuzi wa kawaida anahitaji tano. Namba 9 hutaja saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi. Mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760. Namba 5 ni idadi ya sehemu zilizoharibika zikabadilishwa na za akiba. Namba 197 ni sehemu zinazotiliwa shaka, zinazosubiri kuhukumiwa. Namba 198 ni zile zilizoshindikana kusomwa. Namba 199 huhesabu makosa ya njiani, baina ya diski na kompyuta, na mara nyingi anayestahili lawama hapo ni waya. Diski ya Mwalimu ilikuwa na namba 199 iliyopanda sana, huku namba 5, 197 na 198 zikiwa sifuri. Kwa maneno mengine, diski ilikuwa ikilalamika juu ya barabara, wala haikuwa mgonjwa.

Hata hivyo, daftari hilo laweza kughushiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilifichua kwamba wateja walikuwa wameuziwa diski kubwa za Seagate kama mpya, ilhali zilikuwa zimetumika kwa maelfu ya saa, na hesabu ya saa ikarudishwa nyuma na watu waliozipitisha sokoni. Walioligundua hilo walitazama kumbukumbu nyingine ya ndani, ambayo walaghai hawakuifuta. Ikiwa Wajerumani waliuziwa mbuzi kwenye gunia, sembuse sisi? Kwa hiyo usiridhike na namba. Iendeshe diski ijisome yote, toka mwanzo hadi mwisho. Diski ya terabaiti moja inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa tatu. Ni muda wa kuandaa githeri na kuila. Ikipita mtihani huo mara mbili bila namba 5 na 197 kusogea, waweza kuitumia, ila usiitegemee peke yake.

Ile ndogo haikupita. Namba 197 ilikuwa imepanda, na kila tulipoisoma ilizidi kupanda. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si hilo lililotunyima usingizi. Ilipofunguka, ilitandaza mbele yetu orodha ya mafaili ya mwenyewe wa zamani. Hatukulazimika kulifungua hata moja kujua ni nini. Majina yalitosha: matokeo ya maabara, mwaka hadi mwaka, na majina kamili ya watu. Diski ilikuwa imetoka katika kituo fulani cha afya. Wagonjwa wa watu, na siri zao, zilikuwa zimeuzwa sokoni pamoja na chuma.

Msomaji asidhani ni kisa cha nadra. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000 pamoja na barua za siri na taarifa za matibabu. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski katika soko la Ghana wakakuta ndani yake nyaraka za kampuni kubwa ya Marekani inayounda silaha. Ikiwa watengenezaji wa silaha husahau kufuta, karani wa zahanati atakumbushwa na nani?

Sababu ni kwamba wengi huamini kufuta ni kufuta. La hasha. Ukifuta faili, au ukifomati kwa njia ya haraka, kompyuta huchana tu ukurasa wa yaliyomo. Sura zenyewe husalia kitabuni. Ili kufuta kweli, yapasa kila sehemu ya diski iandikwe upya kwa sifuri. Windows hufanya hivyo tangu toleo la Vista la mwaka 2007, ukichagua ufomati kamili badala ya ule wa haraka. Lakini sehemu zilizokwisha kuharibika haziandikiki kwa uhakika, na huko ndiko siri inakoweza kubakia.

Mwalimu alikuwa na njia mbili. Muuzaji alikuwa amempa siku saba za kurudisha bidhaa mbovu. Angeirudisha Kitale akalipwa fedha zake, na diski ingerejea mezani kusubiri mteja mwingine. Au angeiharibu, akapoteza fedha. Kwa mstaafu, fedha zile si haba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau. Miaka iliyopita yeye mwenyewe aliuza kompyuta yake ya kwanza kwa dalali, ikiwa na hesabu za chama, majina ya wanachama, na nani anadaiwa kiasi gani. Alikuwa ameyafuta kwa kidole kimoja, akaamini yamekwisha. "Yangu nayo yako mezani kwa nani?" aliuliza.

Tuliiandika diski sifuri kadiri ilivyokubali. Asubuhi tuliifunga ndani ya gunia, kwa maana sahani za diski nyingi za kompyuta za mkononi ni za kioo na vipande vyake hukata, tukaipiga nyundo hadi ikalia kama chupa zilizovunjika. Fedha zikaenda.

Swali langu ni hili: kwa nini gharama hiyo ibebwe na mwalimu mstaafu? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila Mkenya haki ya faragha, ikiwemo habari za familia yake na mambo yake ya siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azifute pindi zinapokuwa hazihitajiki tena. Kituo cha afya, shule, chama cha ushirika au ofisi ya serikali inayoziuza kompyuta zake kuukuu kwa mnada bila kuzisafisha, inauza mali isiyo yake. Adhabu ya sheria isingoje malalamiko ya mgonjwa ambaye hata hajui kwamba jina lake linazunguka sokoni.

Wauzaji nao wana wajibu. Si vigumu kuiwasha diski mbele ya mnunuzi, kumwonyesha namba tano nilizozitaja, kuandika namba ya diski kwenye risiti na kumpa siku za kuijaribu. Anayeuza ndizi hukuruhusu uzibonyeze. Kwa nini anayeuza diski akuuzie ikiwa imefungwa kwenye nailoni? Na vyuo vyetu vya ufundi, ambavyo kaunti zinavigharimia, vifunze vijana kupima kabla ya kufomati. Fundi anayejua kufomati tu ni kama tabibu anayejua kukata mguu tu.

Nasi wenye amana tusijivue lawama. Hakuna diski, mpya au ya mitumba, iliyoapa kutokufa. Umeme wetu hukatika bila hodi. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ilikaa gizani. Chochote kilicho na nakala moja tu ni kama hakipo. Weka ya pili, na uiweke mahali pengine, mbali na paa lile lile na mwizi yule yule.

Mwalimu amefanya hivyo. Diski kubwa ingali inafanya kazi kwake Kapsokwony, ikilishwa umeme kwa plagi yake yenyewe. Nakala ya pili iko kwa bintiye mjini Bungoma. Hesabu za chama huchapishwa kwenye karatasi kila mwisho wa mwezi. Jioni ile kabla ya kuagana, aliifungua faili moja ili kuhakikisha. Sauti ya mzee aliyekwisha kuzikwa ikajaza sebule, ikitaja majina ya mababu mmoja baada ya mwingine, nasi tukakaa kimya hadi alipomaliza.